Siku ya nyayo

Mwanangu mpenzi,

Bado hujui kusoma, kwa hiyo barua hii naiweka pamoja na picha zako mpaka utakapoweza. Ni habari ya siku tuliyokwenda makumbusho sote wanne. Nilikukosea siku ile, na nataka uijue ilivyokuwa.

Nilikuwa na haraka. Nilitaka tumalize vyumba vyote kabla mdogo wako hajaamka mgongoni kwa baba, basi nikawa nakukokota: haya tazama vyungu, haya tazama sarafu, twende. Kwenye nguo za kale ukauliza mbona giza, nikakujibu nyamaza. Jibu nilikuwa nalo. Mwanga hupausha vitambaa kidogo kidogo, na rangi ikishapotea hairudi, ndiyo maana taa za mle huwa hafifu.

Kisha ukafika kwenye zile nyayo, ukachuchumaa.

Ilikuwa nakala ya plasta, imelazwa sakafuni nyuma ya kamba. Ukavua kiatu, ukaweka mguu wako upande wetu wa kamba, ukaulinganisha na unyayo ulio mdogo. Nikakushika mkono nikakuinua. Ukalia kwa kwikwi, kiatu kimoja mkononi. Baba yako akasema taratibu, "Mama, mwache aangalie."

Nikakaa chini. Nikakusomea kibao chote, neno kwa neno, na hapo ndipo safari yetu ilipoanza hasa.

Nyayo zenyewe ziko Laetoli, kaskazini mwa Tanzania. Kikosi cha Mary Leakey, mtafiti wa mabaki ya kale, kilizifukua mwaka 1978 na mwaka uliofuata. Zina umri wa miaka kama milioni 3.66. Volkano ilimwaga majivu, mvua ikanyesha kidogo yakalowa, viumbe wa kale wa ukoo wa binadamu wakapita kwa miguu miwili kama sisi, kisha majivu yakagandamana na mengine yakaja kuzifunika. Hata matone ya mvua ile yaliacha vishimo vyake. Ulitaka nikuonyeshe tone, tukalitafuta kwenye plasta tusilipate, ukasema labda limekauka.

Ule unyayo mdogo una urefu wa kama sentimita 18. Wako haukupishana nao sana. Kidole gumba kimelala sambamba na vingine, hakikuchepuka kama cha sokwe. Ulikigusa chako kuhakikisha.

Lakini lililokushika zaidi ni hili: wawili walipita sambamba, na watafiti wanaona kwamba wa tatu alikuja akikanyaga mle mle alimokanyaga yule mkubwa. Ukanyamaza kidogo, halafu ukauliza, "Mama yake alijua kama yuko nyuma?"

Hakuna anayejua kama yule mkubwa alikuwa mama. Nilikwambia hivyo, ukakubali, ukauliza tena vilevile. Tangu siku hiyo sijaacha kulifikiria swali lako. Mara ngapi nimetembea mbele yako bila kugeuka?

Mdogo wako aliamka, akataka kunyonya, tukaondoka. Vyumba viwili vizima hatukuviingia na sikuvijutia hata kidogo.

Tutarudi, mimi na wewe tu. Chumba utachagua wewe, tutakaa humo mpaka useme twende. Na ukitaka kuvua viatu, nitavishika mimi.

Nakupenda sana.

Mama yako