Mhariri, nywele zetu hubanika bila kuvutwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nijibu ukurasa wenu wa urembo wa Jumapili iliyopita, ule uliofundisha namna ya kubana nywele fundo kwa ajili ya kazini. Mimi ni msusi, nina saluni Ngamiani hapa Tanga, na gazeti lenu husomwa sana na wateja wangu wakiwa chini ya draya. Jumatatu asubuhi, hata sijamaliza kufagia, binti mmoja akaingia na ukurasa huo umekunjwa ndani ya pochi. "Anti, nifanyie hivi."

Maelezo yenu yalisema: chana nywele mpaka zilale kabisa, zikusanye nyuma, zivute vizuri, zifunge kwa mpira, zizungushe, choma pini, basi. Dakika tano. Picha ilikuwa ya dada mwenye nywele zilizonyooka hadi mabegani. Sina ugomvi naye, na kwa kichwa chake maelezo ni sahihi. Binti aliyekaa kwenye kiti changu ana nywele ngumu, kipilipili hasa. Ukizivuta zinafika kidevuni, ukiziachia zinarudi juu ya masikio. Huyo ukimchana mpaka zilale, utabaki na nywele kwenye chanuo na machozi kwenye kiti.

Unywele wa namna hii huota kwenye kishimo kilichopinda, nao hutoka ukijizungusha kama springi ya kalamu. Mafuta yanayotolewa na ngozi ya kichwa huteremka kirahisi kwenye unywele ulionyooka. Kwenye wetu yanakwama kona za mwanzo, ncha zinakauka. Na kila kona ni mahali pa kukatikia. Sasa mtu achukue chanuo la meno membamba, alipitishe kwenye nywele kavu kuanzia shinani, halafu alalamike kwamba nywele zake hazikui. Zinakua. Ila anazivunja mwishoni kwa kasi ileile zinavyoota mwanzoni.

Hilo la chanuo ningeweza kulimaliza saluni kwangu. Lililonifanya nitafute kalamu ni lile neno "zivute".

Wateja wangu vijana wengi wako mapokezi, benki, maduka ya simu na hotelini. Kanuni wanayopewa ni moja: nywele zibanwe nyuma, zilale. Mmoja wao, wa hoteli ambayo sitaitaja, alirudishwa nyumbani na msimamizi kwa sababu nywele zake "zimesimama" pembeni. Zilikuwa zimeoshwa, zimebanwa, hazigusi kola, haziwezi kudondokea sahani ya mtu. Kosa lao ni kusimama. Akaja kwangu siku hiyohiyo kutaka dawa ya kunyoosha nywele, naye alikuwa na nywele nzuri ambazo mamake alizitunza kwa mkono wake.

Nisieleweke vibaya. Dawa naweka, anayeitaka kwa hiari yake namwekea, na najua kuiosha kabla haijaunguza. Zile kali zaidi zina kostiki soda, ileile wanayopikia sabuni, hivyo si kitu cha kuchezea. Lakini kuiweka kwa sababu umeipenda ni jambo moja, na kuiweka ili usikatwe mshahara ni jambo jingine.

Asiyetaka dawa huishia kuvuta. Kila alfajiri jeli nyingi, brashi ngumu, mpira unazungushwa mara tatu mpaka nyusi zinapanda. Nawajua wakiingia tu mlangoni. Huanza na vipele vidogo kwenye mstari wa paji na juu ya masikio, kichwa kinauma jioni, mtu anameza dawa ya maumivu wakati angefungua fundo yangekwisha. Kisha nywele za mbele zinakuwa nyembamba, zinabaki vinyweleo vichache pembezoni, na nyuma yake ngozi inang'aa. Ukiacha kuvuta mapema, zinarudi. Ukiendelea miaka, mashina yanakufa, na hapo si mafuta ya mnyonyo wala maji ya kitunguu yatakayozirudisha, hata aliyekuuzia akiapa.

Watu husema ni tabia ya nywele za Kiafrika. Si kweli. Mpwa wangu anayesomea udaktari amenisomea kwamba mwanzoni mwa karne ya 20 madaktari waliuelezea ugonjwa huu kwa wanawake wa Greenland, kule kwenye barafu, waliokuwa wakibana fundo kali utosini. Umeonekana pia kwa Masingasinga wanaofunga nywele ndefu chini ya kilemba, na kwa wacheza baleti. Unywele wowote ukivutwa kila siku mahali palepale utang'oka. Tofauti ni kwamba mwenye nywele zilizonyooka hahitaji kuvuta sana ili zilale, na sisi tunaambiwa tuvute mpaka zilingane na zake.

Hata Jeshi la Marekani, ambalo sidhani kama kuna mtu atalituhumu kwa uzembe, mwaka 2021 lililegeza kanuni za nywele za askari wa kike, likaruhusu mkia na misuko inayoning'inia. Miongoni mwa sababu walizotoa ni nywele kuharibika kwa kubanwa fundo kali, na kofia ya chuma kutokaa sawasawa juu ya fundo hilo. Askari wa vita karuhusiwa. Dada anayenipa ufunguo wa chumba namba saba, bado.

Huku pwani kuna na unyevu. Waweza kuzilaza saa kumi na mbili asubuhi kwa jeli ya kopo zima, na ikifika saa sita, joto la Tanga la mwezi wa pili likishapanda, zimeamka zote. Msimamizi aulizwe kama ana namna ya kuuzuia upepo wa bahari.

Niseme na hili la shule, maana linahusika. Shule zetu nyingi huwataka wasichana wanyoe. Sina nia ya kulifungua hapa, wenye shule wana sababu zao na chawa ni chawa. Lakini matokeo yake nayaona mimi. Binti anamaliza kidato cha nne akiwa hajawahi kushika chanuo la kichwa chake mwenyewe tangu darasa la kwanza. Zikianza kuota anaziona kama mgeni asiyejua ampe kiti gani. Mama naye hana muda wa kumfundisha, bibi yuko Pangani. Anachokipata ni ukurasa wa gazeti. Ndiyo maana nawasumbua ninyi, Mhariri, kuliko kumsumbua yeye.

Basi niwape ninavyofanya, mkiweza mkichape.

Fundo la nywele ngumu huanza jioni, si asubuhi. Osha, tia kondishona, na hapohapo zikiwa zimelowa na zinateleza, gawanya mafungu. Tumia vidole kwanza kufungua vilivyojifunga, ndipo chanuo la meno mapana, ukianzia ncha na kupanda shinani. Mafuta ya nazi kidogo, ya kupaka kiganja tu. Wanaomimina kichwani huishia na paji linalong'aa na foronya iliyoharibika. Kisha sokota kila fungu. Wakina mama wa zamani walikuwa wakizisuka kwa uzi mweusi, wanazungushia uzi tangu shinani hadi nchani, na asubuhi nywele zimenyooka bila moto wowote. Bado ndiyo njia ninayoiamini zaidi kwa mwenye nywele fupi, ingawa vijana wananiambia wanaonekana kama wana miiba kichwani. Nani atakuona usiku? Funga kitambaa cha satini, lala.

Asubuhi zikiwa zimekauka, zifumue kwa vidole. Usichane tena. Hapa ndipo wengi huharibu, wanafumua vizuri halafu wanachukua chanuo kana kwamba jana hawakufanya kitu.

Sasa kufunga. Tupa mpira wa kufungia noti. Tupa na ule wenye kipande cha chuma katikati. Chukua kamba ya kiatu, ndefu, ya raba, safi. Izungushe kichwani kuanzia mbele, ncha zote mbili zipeleke nyuma zipishane, usifunge kwanza. Vuta taratibu, kidogo huku kidogo kule, nywele zinapanda zenyewe kuelekea unapotaka fundo likae. Ukihisi ngozi ya paji inasogea, umezidisha, legeza. Kisha funga kitanzi cha kufunguka kwa mkono mmoja. Uzuri wa kamba ni kwamba haikupi kipimo chake kama mpira, wewe ndiye unayeiambia ishike kiasi gani. Asiye na kamba akate mguu wa stokingi kuukuu, nao ni mzuri sana, hauli nywele.

Hapo una fungu lililovimba. Wengi ningewaachia hivyohivyo, linapendeza. Anayetaka fundo kamili akunje ncha kuelekea ndani, azizungushe kufuata zinavyotaka kupinda zenyewe, achomeke pini za U nne au tano. Kama hazitoshi, kata soksi nyeusi upande wa vidole, ikunje iwe pete, ivishe kwenye fungu, zitandaze nywele juu yake na uzifiche chini. Nimepeleka bibi harusi ukumbini na soksi ya mumewe kichwani na hakuna aliyejua, hata mume.

Kwa mbele, lowesha kiganja, pitisha mara moja, funga kitambaa unywe chai. Ukimaliza chai fungua. Zitakuwa zimetulia. Zimetulia, sikusema zimelala. Anayependa jeli achemshe bamia chache achuje ute wake. Unashika vizuri na haukaushi nywele kama jeli zenye spiriti. Ila uwekwe kwenye friji na utumike siku chache, ukichacha utajutia harufu.

Usizibane zikiwa mbichi. Unywele wetu ukilowa hurefuka, ukikauka hujikunja, hivyo fundo lililokuwa sawa saa moja linakuwa linakunyonga saa tatu. Nalisema hili hasa kwa wenzangu tunaovaa mtandio. Mtu anaoga alfajiri, anabana mbichi, anavaa kofia ya ndani, juu yake mtandio, mpaka Alasiri hajafungua. Mba wanaanzia hapo, na ile harufu ambayo mafuta ya asumini hayaifichi. Na fundo lisikae kila siku pale pale kwa sababu tu mtandio unakaa vizuri juu yake. Leo kichogoni, kesho juu kidogo, kesho kutwa yafanye mawili ya chini. Usiku fungua. Jumapili mtoto apige mabutu yake na mama naye apumzishe kichwa.

Ya wasusi wenzangu nisiyafunike, maana sisi nasi tuna mkono katika hili. Tunasifiwa kwa kubana kwa nguvu: "yule mkono wake mzito, msuko wake unadumu." Mteja akilia tunamwambia urembo ni udhia. Msuko unaodumu mwezi na kuondoka na nywele za mbele ni hasara ambayo mteja ameilipia. Mtoto wa miaka sita akisema panauma, panauma.

Kwa mameneja nina ombi fupi. Andikeni kwenye kanuni zenu mnachokihitaji kweli: nywele safi, zimekusanywa, hazigusi kola, haziangukii chakula. Fundo la nywele ngumu linatimiza yote hayo likiwa limevimba. Kama kuna mgeni aliyewahi kuhama hoteli kwa sababu dada wa mapokezi nywele zake zina mawimbi pembeni, nileteeni nimwone. Wengi wa wanaoandika kanuni hizi, nimewaona, wana vipara ambavyo hakuna aliyewaambia wavilaze.

Na kwenu Mhariri: ukurasa wa urembo uwe na picha za vichwa vinavyonunua gazeti. Sisemi muwaache wengine, wapo wasomaji wenye nywele za kila aina, na Tanga hii ina Waarabu na Wahindi wanaokaa kwenye kiti changu kilekile. Lakini mkichapa namna ya kubana, semeni ni kwa nywele gani, kisha chapeni na ya zetu, kwa hatua, na picha za hatua zenyewe. Picha ya mwisho peke yake haimfundishi mtu.

Mkikosa wa kumpiga picha, binti wa Jumatatu amekubali, fundo lake limekaa na kazini halijasemwa mpaka sasa. Mpigapicha wenu aje Jumanne au Jumatano asubuhi. Ijumaa na Jumamosi asije, ni siku za maharusi, sitakuwa na hata kiti cha kumpa.

Msusi wa Ngamiani,
Tanga