Joto la Pwani ndilo linaloua harufu ya hopi

Kwa Mhariri,

Makala ya gazeti lako kuhusu namna ya kutengeneza nyumbani bia ya eli (ale) ya rangi nyepesi yenye hopi nyingi, yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu, kuanzia punje za shayiri hadi chupa, ilieleza vizuri kazi ya jikoni, lakini ilimwacha njiani msomaji wa Pwani iliposhauri kwamba pipa la kuchachushia liwekwe kivulini, katika joto la kawaida la chumba. Joto la kawaida la chumba cha Limuru, kule bara kwenye baridi, silo la chumba cha Kisauni, hapa Mombasa, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama mtu atakunywa bia inayonukia maganda ya machungwa au kitu kinachonukia dawa ya kuondolea rangi ya kucha.

Kuhusu upishi wenyewe sina ugomvi na mwandishi. Kilo tano hivi za kimea cha shayiri kilichopaazwa, kikilowekwa saa moja katika maji ya nyuzi 66 au 67 ili vimeng'enya vigeuze wanga kuwa sukari, hutosha kwa lita 20 za bia. Maji hayo yakishachujwa huchemshwa saa moja, na hopi hutiwa kwa awamu: za mwanzo kwa ajili ya uchungu, kwa sababu asidi zake za alfa, zinazoleta uchungu huo, haziyeyuki vyema mpaka mchemko wa muda mrefu uzibadilishe umbo, na za mwisho kwa ajili ya harufu, kwa sababu mafuta yake huondoka na mvuke. Kanuni hizi ni zile zile, iwe ni Mikindani au ni Chico, California, ambako kiwanda cha Sierra Nevada kilianza mwaka 1980 kupika bia ya hopi za aina ya Cascade ambayo mpaka leo wengi huichukua kuwa kielelezo cha aina hii.

Shida huanza moto unapozimwa. Ili kupoza kilichochemshwa kabla ya kutia hamira, mwandishi alipendekeza koili ya shaba inayopitisha maji ya bomba, jambo jema mahali ambapo maji ya bomba ni baridi. Hapa kwetu maji mengi hutoka kwenye matangi meusi yaliyokaa juu ya paa kutwa nzima, na koili haiwezi kupoza kitu chochote chini ya joto la maji yanayopita ndani yake. Anayepika Mombasa apoze kwa maji hayo kadiri inavyowezekana, kisha apitishe maji katika koili ya pili iliyozamishwa kwenye ndoo ya barafu, mfano wa ile wanayonunua wavuvi kwa vipande vikubwa, kabla hayajafika kwenye koili iliyo ndani ya sufuria.

Hamira ya kawaida ya eli hutaka nyuzi 18 hadi 20. Wakati wa kaskazi vyumba vyetu hukaa kwenye nyuzi 30 au zaidi mchana, na hata Julai, kusi inapovuma, ni nadra usiku kushuka sana chini ya nyuzi 20. Isitoshe, hamira yenyewe hutoa joto inapofanya kazi, hata ndani ya pipa kukawa juu ya hewa ya nje kwa nyuzi kadhaa katika siku mbili za mwanzo, ambazo ndizo siku ladha inapoumbwa. Matokeo yake ni alkoholi nzito zinazochoma koo na harufu kali za matunda yaliyoiva kupita kiasi, na hizo hufunika hopi zote alizozinunua mtu kwa fedha nyingi. Mnazi hauna taabu hii, kwani mnywaji wake anautaka siku ile ile ulipogemwa, na ukali wa hamira ya mwituni ni sehemu ya utamu wake.

Ushauri wake wa kulifunga pipa kwa gunia lililoloweshwa na kulielekezea feni nao unahitaji kupimwa upya. Gunia hupoza kwa sababu maji yake hukauka, na maji hayakauki upesi katika hewa iliyojaa unyevu kama ya kisiwa cha Mombasa. Siku yenye nyuzi 32 na unyevu wa asilimia 65, gunia hilo haliwezi kushuka chini ya nyuzi 26 hivi, hata feni iwe kubwa namna gani. Nakuru, kwenye hewa kavu, litasaidia; hapa Tudor litalowesha sakafu tu.

Njia ya hakika ni friji kuukuu iliyofungwa kidhibiti joto cha nje, kipimo chake kikibandikwa ubavuni mwa pipa badala ya kuachwa kikining'inia hewani. (Kazi yangu ilikuwa kutengeneza mafriji, lakini nimestaafu, kwa hiyo asidhani mtu kwamba natafuta wateja.) Asiye na friji, au anayeogopa gharama ya tokeni za umeme, atafute hamira ya kveik, ile ya wakulima wa magharibi mwa Norway. Ile inayotoka Voss hufanya kazi safi kwenye nyuzi 35 na kuendelea, na harufu yake ya machungwa hupatana vizuri na hopi. Nashangaa kwamba makala iliyoandikwa kwa wasomaji wa nchi nzima haikuitaja.

Hopi nazo zihifadhiwe kwenye friza, ndani ya mifuko isiyopitisha hewa. Zikikaa kabatini katika joto letu hupoteza uchungu na kuanza kunuka jibini. Kuhusu maji, visima vya kisiwani vimechimbwa katika mwamba wa matumbawe, na chokaa yake, ile inayoacha magamba ndani ya birika, huufanya uchungu wa hopi uwe wa kukwaruza. Heri maji ya bomba yaliyoachwa wazi usiku kucha ili klorini ipungue. Ingefaa pia kumkumbusha msomaji kwamba Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010 inadai leseni kwa anayetengeneza kileo, na kwamba utoaji wa leseni hizo sasa uko mikononi mwa kaunti.

Kwa kuwa mwandishi ameahidi sehemu ya pili juu ya kutia bia kwenye chupa, namwomba aandike vipimo vya Pwani pia. Haidromita nyingi, vile vipimo vinavyoelea kuonyesha sukari iliyobaki, zimesawazishwa kwa nyuzi 20, na kwenye nyuzi 30 husoma chini ya ukweli kwa pointi mbili hadi tatu (yaani 0.002 hadi 0.003). Msomaji asiyejua hilo atadhani sukari imekwisha, ataziba chupa mapema, na kwa kuwa sukari iliyobaki huendelea kuchachuka, chupa hizo zinaweza kupasuka kabatini.

Fundi mstaafu wa mafriji,
Tudor, Mombasa