Kota, Kipawa na majina yetu

Dar es Salaam

Somo yangu mpendwa,

Asalaam aleikum. Huku hatujambo, joto tu ndilo linatumaliza. Ule ujumbe wako wa sauti niliusikilizia kwenye mwendokasi, nikaurudia nyumbani maana kelele zilikula nusu yake. Nimeona nikuandikie kabisa, mambo haya ni marefu.

Habari ya jirani yako wa huko Saint Paul, Marekani, imenifurahisha, na wivu umenishika, sikufichi. Yaani babu yake alivunjiwa nyumba Rondo, ule mtaa wa watu weusi, miaka ile ya 1950 na 1960 kupisha barabara kuu ya I-94, na leo jiji linamwita mjukuu limwongezee malipo ya kwanza ya kununulia nyumba yake, tena fedha hiyo ni mkopo unaofutwa akitulia humo? Huku kwetu hesabu inaishia kwa aliyevunjiwa. Na hao watu weusi wa mji wa Evanston uliowataja, wanaofidiwa kwa ubaguzi wa nyumba wa zamani, dola 25,000 kwa mtu kutoka kwenye kodi ya bangi! Nilimsimulia mama akasema Subhanallah, halafu akauliza kama na sisi tunaweza kuomba.

Lakini kuna neno ulilipita mbio: kwamba huko Rondo wanaosaidiwa ni uzao wa wenye nyumba. Wapangaji je? Hapo ndipo roho yangu inapokataa. Tukiuchukua mpango huo kama ulivyo tukauleta Dar, watu wengi mno watabaki nje. Unazijua nyumba zetu: korido katikati, vyumba sita, familia sita, mwenye nyumba mmoja. Siku ya tathmini anayeandikwa ni yeye. Sheria inampa thamani ya ardhi na jengo, posho ya usumbufu, usafirishaji, na kodi ya miezi 36 ya kujisitiri. Mpangaji anapewa notisi tu, akafunge virago.

Ndiyo maana huwa nasema Kota yenu ya Magomeni, zile nyumba za kupanga za serikali, ni jambo la peke yake, hata kama ninyi mmeizoea. Mlikuwa wapangaji, kaya 644. Mkatolewa, nyumba zikavunjwa, kiwanja kikaota majani. Bibi yako akawa anahama chumba hadi chumba huku akisema atarudi, na sisi tukiitikia tu, yailahi, mtu mzima humkatishi tamaa. Magufuli akaja 2016 akasema mtarudi, na miaka mitano mtakaa bure. Machi 2022 Mama Samia akazizindua zile ghorofa. Watu wanasema ni huruma ya viongozi. Huruma ilikuwepo, sawa, lakini kama majina yenu yasingekuwa yameandikwa mahali, kaya kwa kaya, hiyo huruma ingemwangukia nani? Zingejazwa wengine, na wewe unaujua mji huu.

Sisi wa Kipawa majina yetu yaliandikwa, na bado hayakutufaa. Tathmini ya kupisha uwanja wa ndege ilifanyika 1997, malipo yakaanza kutoka 2009. Ile picha ya bibi ninayo: kasimama mbele ya mlango, khanga mbili, ameshika kibao cha namba kifuani kama mfungwa, na amekunja uso kwa sababu mpiga picha alimwambia asicheke. Nyuma yake ukutani ipo X nyekundu. Mwembe uliohesabiwa kwenye fomu unaonekana tawi moja tu. Fedha zilipokuja, kiwanja kilichokuwa kinanunulika 1997 hakikununulika tena, zikagawanywa kwa watoto wake, zikaisha. Leo wajukuu karibu wote tumepanga, Gongo la Mboto na Ulongoni, kodi miezi sita mbele. Benki wanataka slipu ya mshahara na hati, na riba ni ya tarakimu mbili. Watumishi wa umma wana mpango wao wa nyumba, heri yao. Mimi nauza vitenge.

Kwa hiyo mtu akiniuliza, nitasema tusaidiwe sisi wajukuu kwenye malipo ya kwanza, basi. Hiyo sehemu ya mwanzo ndiyo inayotushinda, kodi ya kila mwezi tunailipa tayari. Lakini wapangaji nao waandikwe. Hata watu wa Jangwani nao wameondolewa kupisha mradi wa bonde la Msimbazi. Natamani wapangaji wa kule wawe wametunza chochote chenye jina na mtaa: barua ya serikali ya mtaa, risiti ya kodi, kadi ya kliniki ya mtoto.

Nije kwenye la mjomba wako. Ulisema anataka umtumie fedha ya nyumba ya Kota, mambo atayashughulikia yeye. Usitume. Kwanza, kwa ninavyoelewa, pale bado hamjarithi nyumba, mmerithi nafasi ya kuinunua kwa mpango wa mpangaji mnunuzi, yaani unakaa huku unalipia bei ya nyumba kidogo kidogo, na miaka mitano ya bure nayo ina mwisho. Ulizeni mkataba una jina la nani tangu marehemu bibi aondoke. Pili, fanyeni kikao cha ukoo, muandike muhtasari, mteue msimamizi wa mirathi, mwende Mahakama ya Mwanzo na cheti cha kifo. Ninyi wajukuu ni saba na sebule ni moja. Bora mgombane sasa kwenye kikao kuliko baadaye mlangoni. Fedha yako ikalipwe moja kwa moja kwa namba ya malipo ya serikali, risiti ukae nayo wewe.

Mjomba akinuna, mwambie ni mimi niliyekutia maneno. Ameshanizoea.

Nami nina ombi. Mwulize huyo jirani alipeleka karatasi gani kuthibitisha babu yake alikaa Rondo, maana mama tangu juzi amelivuta sanduku la bibi kutoka uvunguni na amezitandaza fomu kitandani, hataki mtu azikunje.

Wasalimie wanangu. Nitakupigia Ijumaa.

Somo yako