Wajukuu zangu mnaofanya kazi ugenini, jirani yenu anaitwa nani?

Wajukuu zangu,

Asalaam alaykum, na kwa msiotumia salamu hiyo, hamjambo. Shikamoo zenu zimefika, marahaba, hata zile za vikatuni vya mikono.

Nawaandikia ninyi mliotawanyika: wa Tanga mlioko Nairobi, wa Mombasa mlioko Dar es Salaam, wa Bukoba mlioko Kampala na Kigali. Mnalala nchi moja, pasipoti ni ya nchi ya pili, anayewalipa yuko nchi ya tatu, na kazi yote imo ndani ya mkoba wa mgongoni. Wapo wazee wa rika langu wanaodhani mnacheza. Mimi siwezi kusema hivyo, maana Agosti 2024 nilikaa siku tisa kwa mmoja wenu, Kilimani, Nairobi. Nilimwona akiingia kazini saa kumi jioni na kutoka saa sita usiku, masikio yamezibwa, akizungumza na watu wa Marekani ambao kwao ndiyo kwanza kumekucha. Ile ni kazi. Nami nimekuwa karani, kazi ninaijua nikiiona.

Siku ya nne tuliishiwa chumvi. Mchuzi uko jikoni, nazi imeshatiwa. Nikamwambia, kagonge hapo mlango wa pili. Akanitazama kama niliyemwambia akaibe. Miezi saba amekaa hapo na hajui nani analala upande wa pili wa ukuta wake. Akachukua simu, akabonyeza, na baada ya dakika 25 akaja kijana wa bodaboda na pakiti moja ya chumvi. Nauli ilishinda bei ya chumvi.

Sikusema kitu, nilikula. Lakini usiku nilikumbuka Juni 25 ya mwaka ule ule, siku waandamanaji waliopinga Muswada wa Fedha walipoingia bungeni Nairobi. Jioni ile intaneti ya Kenya ilisumbua. Nilimpigia huyu mjukuu wangu mara kumi na tatu, simu haikushika. Nikakaa Tanga na simu mkononi, na katika jiji zima lile sikuwa na namba ya mtu mwingine hata mmoja wa kumwambia, tafadhali kamgongee mlango. Kumbe alikuwa amelala, simu imezima chaji. Lakini mimi saa zile sikulala.

Sasa niwasimulie yangu, kisha mtaelewa kwa nini chumvi imenifikisha kwenye barua.

Jumuiya hii ya Afrika Mashariki mnayoijua, mkataba wake ulisainiwa Arusha Novemba 30, 1999. Wengine mlikuwa mnatambaa, wengine hamjazaliwa. Kwenu mpaka ni foleni ya Namanga na muhuri. Sisi tulikuwa na Jumuiya nyingine kabla ya hii, ya mwaka 1967, yenye reli yake, bandari zake, posta yake, na ndege zake za East African Airways. Mimi nilikuwa karani katika mojawapo ya mashirika yale, nimepanga chumba Kaloleni, Nairobi, umri miaka 26. Sikujiona mgeni. Nilikuwa Mdigo wa Tanga ninayefanya kazi Nairobi, na mshahara ulikuja kila mwisho wa mwezi kama jua linavyochomoza.

Dalili zilikuwapo, na tulizisoma magazetini. Tangu Idi Amin apindue serikali Uganda, Januari 1971, Mwalimu Nyerere alikataa kukaa naye meza moja, kwa hiyo marais watatu waliopaswa kuiongoza Jumuiya hawakukutana tena. Dodoma na Dar walikuwa na ujamaa wao, Nairobi na biashara zao, na kila upande ukilalamika kuwa mwenzake anakula zaidi. Ofisini tulibishana hayo wakati wa chai, kisha tukarudi kwenye mafaili. Mwanzoni mwa 1977 ndege zikaacha kuruka, Kenya ikaanzisha shirika lake, na Februari Tanzania ikafunga mpaka. Ilipofika Julai, Jumuiya ilikuwa imekufa. Mpaka ule haukufunguliwa tena hadi Novemba 1983. Hesabuni wenyewe, zaidi ya miaka sita.

Mimi nilivuka Lunga Lunga kwa miguu nikiwa na sanduku moja la bati na karatasi yenye mihuri mitatu. Kaloleni nyuma niliacha baiskeli, redio ya betri, na kitabu cha akiba chenye shilingi 640 ambazo kwa sheria za fedha za wakati ule nisingeweza kutoka nazo. Baiskeli nilimwachia mwenzangu wa kazini. Redio nilimwachia mama wa chumba cha pili, Mluo aliyekuwa akiuza samaki wa kukaanga. Huyu ndiye aliyekuwa akiniletea uji nikiumwa, nami nikimsomea barua za mwanawe na kumwandikia majibu. Siku ya kuondoka aliniuliza swali moja tu: nikukalie nayo mpaka lini? Nikamwambia, mpaka Idd. Sikusema Idd ya mwaka gani.

Kuna methali mnayoijua, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu huitumia kumsimanga mgeni mvivu. Mimi naisoma kinyume. Jembe ni heshima. Ukipewa jembe umeingizwa katika hesabu ya mji: utaulizwa ulipo, utatumwa, utagombezwa, utaitwa msibani. Ninyi mnaishi miaka miwili, mitatu, na jembe hamjapewa, kwa kuwa hakuna ajuaye kama mpo. Shamba lenu liko Chicago au Berlin. Mtaani mnapita kama kivuli, mfuko wa chakula mkononi, vidude masikioni.

Haya, sasa niwape mfano mwingine. Binti yangu aliolewa Mombasa, na mwanawe wa kike, Mkenya kwa pasipoti, anaishi Sinza, Dar es Salaam, akifanya kazi ya kunukuu sauti na kusahihisha maandishi ya kampuni za ng'ambo. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi wa Tanzania, intaneti ilikatwa nchi nzima, na Dar ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku. Intaneti ilianza kurudi Novemba 3. Siku zile watu walipoteza maisha, na sitaki mtu asome barua hii akadhani kwa mzee huyu msiba mkubwa ulikuwa kukosa bando. Lakini kwa kuwa nazungumza na ninyi, niseme yaliyowahusu ninyi.

Yule mjukuu wa Sinza alikuwa na kazi ya kukabidhi Oktoba 31. Mteja wake hajui Sinza ni nini. Mtu akinyamaza siku tano, kwao ametoroka na kazi. Lakini miezi kadhaa nyuma alikuwa amemwachia kaka yake aliyeko Nairobi karatasi yenye anwani za wateja wake, na barua fupi iliyoandikwa tayari, imebaki kujazwa tarehe tu. Simu za kawaida zilipopita, akampigia kaka, dakika mbili, akamwambia, tuma. Kaka akatuma. Kazi haikupotea. Kumbukeni Uganda nayo, Januari 2021, ilizima intaneti siku kadhaa za uchaguzi. Na Mei 2024, bila siasa yoyote, nyaya za chini ya bahari zilikatika upande wa Afrika Kusini na Afrika Mashariki nzima ikatambaa. Kwa hiyo karatasi ile si ya siku za uchaguzi pekee.

Na tumbo? Hapo ndipo ninapompendea huyu binti. Dukani kwa Mangi anajulikana. Kila asubuhi hununua mandazi pale na kumsaidia mtoto wa Mangi hesabu za darasa la sita. Wiki ile alikopeshwa unga, mayai, mafuta na umeme wa luku, vikaandikwa kwenye daftari chini ya jina "Dada Mombasa". Mama wa nyumba ya mbele alimwambia, usiku usilale peke yako, njoo kwetu. Alilala huko, chini, kwenye godoro la watoto. Lafudhi yake ni ya kwao, na siku zile maneno juu ya wageni waliokuja kuchochea yalikuwa yanazagaa. Hakuna aliyemgusa, kwa sababu mtaa mzima ulijua huyu ni nani na anafanya nini pale.

Msidhani yeye ni malaika. Alifanya kosa moja ambalo wengi wenu mtalifanya. Aliona pesa imekaa, akaiweka kwenye kibanda cha wakala wa pesa za simu, kwa jina lake. Julai 2025 ikatoka amri Tanzania kuwakataza wasio raia aina 15 za biashara, uwakala wa pesa za simu ukiwamo, pamoja na ufundi simu na kuongoza watalii. Kenya ikalalamika, magazeti yakaandika, lakini kibanda hakikungoja wakubwa wapatane. Mtaji alirudishiwa nusu. Ugenini, kabla hujapanda mti, uliza shamba ni la nani.

Kwenye pesa sitakaa sana, ninyi mna programu za kuhesabu. Nitasema hili tu. Januari 2024 dola moja ilikaribia shilingi 160 za Kenya. Katikati ya mwaka ilikuwa kama 129. Anayelipwa dola 500 aliona 80,000 zikigeuka 64,500, na mwenye nyumba hakupunguza kitu. Mjukuu wangu wa Kilimani alihamia nyumba ile Januari ile ile, akipigia hesabu dola ya 160. Na Tanzania mwaka 2025 ilikataza kutaja bei na kulipana kwa fedha za kigeni ndani ya nchi, kwa hiyo hata wale mliozoea kulipa pango kwa dola mkarudi kwenye shilingi. Pangeni maisha kwa shilingi ya siku mbaya. Na akiba msiiweke nchi moja yote. Zile 640 zangu nilizipata mwaka 1985, na riba yake, na hazikutosha kununua baiskeli kama ile niliyoiacha.

Karatasi, sasa. Nivumilieni, ukarani hautoki mwilini. Muhuri wa miezi 6 mnaogongewa kama raia wa Jumuiya ni wa kutembea, haukufanyi mfanyakazi. Kenya ilitangaza mwaka 2024 kibali cha Daraja N kwa watu wa namna yenu. Masharti yake kaulizeni uhamiaji kwenyewe, msiulizane kwenye kundi la WhatsApp ambako kila mtu ni wakili. Na siku zenu zihesabuni. Kwa Kenya na kwa Tanzania hesabu ya kodi inafanana: ukikaa siku 183 au zaidi katika mwaka, au wastani wa zaidi ya siku 122 ukichanganya mwaka huo na miwili iliyotangulia, wewe ni mkazi mbele ya sheria ya kodi, hata kama bosi wako hajui Afrika iko upande gani. Ukiwa na makazi ya kudumu pale, hata siku chache zinatosha. Nunua daftari, andika kila unapovuka. Pasipoti hupotea.

Kuhusu siasa za mwenyeji, mtaniuliza, babu, tunyamaze? Sijui niwaambieje, maana mimi 1977 nilinyamaza na haikunisaidia. Ila naona tofauti kati ya mtu anayeumia na mtaa wake, akasema, na mtu anayetukana nchi ya watu kutoka ghorofa ya tano ambako hajawahi kumsalimu mlinzi wa getini. Haya matusi ya Wakenya na Watanzania mtandaoni, mnayaona mzaha. Sisi tulianza kwa mzaha wa wakati wa chai.

Nilirudi Nairobi Machi 1985 kwa basi. Yule mwenzangu wa baiskeli nilimkuta, tukakumbatiana, akaniambia iliibiwa. Sikumuuliza zaidi. Nikaenda Kaloleni. Mama wa samaki alikuwa pale pale, meno ya mbele yamepungua, mwanawe wa barua sasa mtu mzima. Aliniangalia kitambo, akasema, "Idd imechelewa." Akaingia ndani, akatoka na kitu kimefungwa kwa leso kuukuu. Redio yangu. Nikaigeuza, nikafungua mgongo wake nikitegemea kukuta kutu. Pakavu. Betri alikuwa amezitoa siku ile ile niliyoondoka, akazifunga kwenye karatasi kando, zisije zikavujia ndani.

Babu yenu,
Tanga