Barua ya Wazi kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Bunge ya Mambo ya Nje, Ulinzi na Usalama

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Ibara ya 63 ya Katiba yetu imelipa Bunge kazi ya kujadili na kuridhia mikataba inayohitaji kuridhiwa. Kwa heshima, naomba Kamati yako isingoje mikataba ya ulinzi wa amani ifike mezani ikiwa imekwisha kutiwa saini, na sababu yangu naitoa katika Seneti ya Marekani ya mwaka 1919.

Rais Woodrow Wilson alikwenda Paris bila kumchukua seneta hata mmoja, akarudi na Mkataba wa Versailles, mkataba wa amani baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ambao ndani yake mlikuwa na katiba ya Shirikisho la Mataifa, lililoutangulia Umoja wa Mataifa. Ibara ya 10 iliwataka wanachama walinde mipaka na uhuru wa wenzao dhidi ya uvamizi. Henry Cabot Lodge, mwenyekiti wa kamati inayolingana na yako, akataka kujua ni nani basi atakayeamua askari wa Marekani waende vitani. Swali hilo lilikuwa la haki, na wanaomsimulia Lodge kama adui wa amani tu wanamwonea, ingawa hila hakukosa: ili kuchelewesha, aliusoma mkataba mzima kwa sauti kamatini, kwa muda wa wiki mbili.

Lodge aliweka masharti ya kuuridhia mkataba. Wilson akawaagiza maseneta wa chama chake wayakatae. Tarehe 19 Novemba mkataba wenye masharti ulipata kura 39 dhidi ya 55, na usio na masharti 38 dhidi ya 53. Machi 1920 ule wenye masharti ulipata 49 dhidi ya 35, ukapungukiwa kura 7 tu kufikia theluthi mbili zilizohitajika. Ukiwaondoa kina William Borah, waliolikataa Shirikisho kwa namna yoyote, maseneta wengi walikuwa tayari kujiunga kwa sura moja au nyingine.

Shirikisho hilohilo ndilo lililoidhinisha, mwaka 1922, Uingereza iitawale Tanganyika kwa dhamana, na wenyeji hatukuulizwa. Leo tunaye wa kuulizwa, nalo ni Bunge.

Kwa hiyo rasimu za mikataba ya kupeleka vikosi nje zifike kwako mazungumzo yakiwa bado yanaendelea, na mbunge atakayetaka vikosi visiondoke bila ridhaa ya Bunge ajibiwe kwa hoja, asiitwe msaliti. Mkataba ukishatiwa saini, kila badiliko huonekana ni fedheha kwa Rais, na hapo ndipo Wilson alipokwama.

Wako,
Mpiga kura, Dar es Salaam