Damu ya mzee si kahawia: kwa nini nguo yako hubadilika rangi pichani

Dada mmoja muuza nguo alikuja studio na mfuko wenye gauni alilorudishiwa na mteja wake wa Dodoma. Gauni ni damu ya mzee, tena iliyokolea. Picha aliyoipiga kwa simu na kuirusha WhatsApp ilionyesha kahawia iliyopauka. Mteja alipenda kahawia, akalipia kahawia, akafungua kifurushi akakuta kingine. "Kaka, au simu yangu mbovu?" Hapana, dada. Simu yako nzima, ila ilikisia ikakosea.

Ukitoka juani ukaingia chumba chenye balbu ya njano, shati jeupe utaendelea kuliona jeupe, maana ubongo unarekebisha bila kukuuliza. Kamera haina ujanja huo. Lazima iambiwe mwanga wa pale una rangi gani, la sivyo ikisie. Marekebisho hayo ndiyo mafundi tunayaita waiti balansi. Rangi ya mwanga hupimwa kwa kelvini, ambacho ni kipimo cha joto: mshumaa ni kama 1,900, balbu ya waya karibu 2,700, jua la adhuhuri 5,500 hivi, na kivulini, ambako nguo inaangazwa na anga la bluu, 7,000 na zaidi. Namba ikishuka mwanga ni wa njano, ikipanda unaelekea bluu. Anayeona hesabu hiyo imepinduka akamwangalie mhunzi: chuma huanza na wekundu, moto ukizidi kinakuwa cheupe.

Sasa turudi kwenye gauni. Dada alilitandika kitandani, akasogea mpaka kitambaa kikajaa kioo chote cha simu. Kamera ikaona wekundu kila upande, ikadhani ni taa ndiyo nyekundu, ikaupunguza. Damu ya mzee ikipunguzwa wekundu inabaki kahawia. Njano ya haradali inapauka kwa sababu hiyohiyo, na kitenge cha bluu tupu kinaingiwa na ukijivu. Kwa hiyo kama unapiga mwenyewe, usikijaze kitambaa kwenye kioo. Acha ukuta mweupe au kitu cha kijivu kionekane pembeni, kamera ipate pa kushika.

Sisi tunatumia kadi ya kijivu. Tunaiweka mbele ya nguo, pale pale na chini ya taa zilezile, tunapiga picha moja, kisha zote zinazofuata zinapimwa kwa hiyo. Wengine hutuuliza kwa nini tusitumie karatasi nyeupe ya kuchapia. Karatasi nyingi zina dawa ya kung'arisha, jamaa ya ile iliyomo kwenye sabuni ya unga, inayofanya weupe uvutie ubluu. Ukipimia hiyo, nguo zote zitakwenda njano.

Ugomvi mkubwa tunaukuta tunapoitwa kupiga picha dukani, hasa maduka marefu membamba ya Kariakoo. Mlangoni kuna mwanga wa mchana, ndani kuna tyubulaiti, juu ya rafu taa ndogo za njano. Khanga ile ile upande mmoja ina ubluu, upande wa pili ina ukijani. Hapo hakuna kitufe cha kuokoa jahazi: ukiponya huku, kule kunaharibika. Ndiyo maana tukifika tunaomba taa zenu zizimwe na tunawasha zetu. Haturingi. Taa za LED za bei rahisi zina tatizo jingine pia: baadhi zinatoa wekundu kidogo mno, na wekundu ambao haukuwapo kwenye mwanga hautengenezwi vizuri na kompyuta baadaye.

Harusini ni hivyohivyo. Chini ya turubai la bluu mchana, bibi harusi maji ya kunde anageuka rangi ya jivu, na wapiga picha wengi wanakimbilia kumng'arisha uso. Sisi hatufanyi hivyo. Tunamtoa nje ya turubai, au tunampiga kwa flashi.

Tunapiga faili ghafi, yaani picha ambayo kamera haijaipika, si JPEG (picha ya kawaida iliyokwisha kupikwa) peke yake, kwa sababu rangi ya mwanga inaweza kubadilishwa baadaye bila picha kuchakaa. Bado kuna vitambaa vikaidi. Baadhi ya suti nyeusi za poliesta hutoka na wekundu wa ajabu, kwa kuwa kamera inanasa kidogo mwanga usioonekana kwa macho. Zambarau nazo zina tabia ya kukimbilia bluu. Hizo tunazirekebisha kwa mkono, moja moja, kitambaa kikiwa pembeni ya skrini.

Upande wa mteja wako hatuna mamlaka nao. Kama simu yake imewashwa ile hali ya usiku inayofanya kioo kuwa cha njano, hata picha iliyopimwa vizuri ataiona ya njano. Mwambie aizime kabla ya kuagiza, na kwenye tangazo andika jina la rangi kwa maneno.

Ukituletea kazi, njoo na nguo zenyewe zikiwa zimepigwa pasi, au utuachie kipande cha kila kitambaa mpaka tumalize kusafisha picha. Tutakutumia kwanza picha moja ya majaribio. Toka nayo mlangoni mchana, ishike kando ya nguo, kisha tuambie kama ndiyo yenyewe. Usipoikubali, tunarudia kabla ya kugusa nyingine.