Madarasa Kisumu yasitazame jua

Mhariri,

Mimi ni fundi mwashi hapa Nyalenda, Kisumu. Mwaka jana nilijenga darasa ambalo ramani yake iliweka madirisha yote mashariki na magharibi. Nilipouliza, nikaambiwa nifuate nilichopewa. Leo binti yangu anasomea humo. Saa tisa alasiri jua hufika hadi ubaoni, juu ni mabati matupu bila dari, na karatasi ya daftari humnata mkononi kwa jasho. Inaniuma sana.

Watafiti wa usanifu majengo wameshalieleza hili: karibu na Ikweta, kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini, paa litokeze lilete kivuli, na hewa moto ipate tundu la kutokea juu. Huko Harare, jengo la Eastgate alilosanifu Mick Pearce, lililofunguliwa 1996, hupozwa kwa hewa ya usiku badala ya viyoyozi vya kawaida. Nasi tuna upepo wa ziwa, bure!

Kugeuza msingi kabla ya kuchimba hakuongezi hata mfuko mmoja wa saruji. Wasomi wa vyuo vikuu, tafadhali tuleteeni matokeo yenu mjengoni, kwa Kiswahili, kabla hatujapiga kamba za kupimia msingi.

Fundi mwashi,
Nyalenda, Kisumu